Kugeuza video mtandaoni: Nini huipata faili yako baada ya kuituma?

MIONGONI mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumiaji wa kompyuta na simu za mkononi ni hili: kwa nini video iliyopigwa kwa simu moja ionekane vizuri kwenye simu nyingine, lakini ikatae kabisa kwenye luninga ya sebuleni? Flashi imechomekwa, jina la faili linaonekana kwenye kioo, lakini ukibonyeza unaletewa maneno ya kwamba faili hiyo haitambuliki. Wakati mwingine sauti husikika na picha isiwepo, au picha ikaenda na sauti ikapotea.

Jibu ambalo wengi hupewa ni fupi: igeuze. Na siku hizi kugeuza hakuhitaji kununua programu wala kwenda kwa fundi. Mtu huandika maneno machache kwenye mtambo wa kutafuta habari, akaletewa tovuti nyingi zinazoahidi kuifanya kazi hiyo bure na kwa dakika chache. Anachagua faili, anaituma, anasubiri, kisha anapakua nyingine yenye jina lilelile na herufi tofauti mwishoni.

Ni huduma yenye manufaa, na haina sababu ya kubezwa. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza ni kitu gani hasa kinafanyika katika dakika hizo, faili inakwenda wapi, na kwa nini inayorudi mara nyingi huwa na ukungu kuliko iliyokwenda. Wachache zaidi hujiuliza kama kulikuwa na haja ya kuituma.

Kapu na kilichomo

Kwanza ni vema ieleweke kwamba faili ya video si kitu kimoja. Ni vitu kadhaa vilivyofungwa pamoja: picha, sauti, pengine maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, pamoja na taarifa za tarehe, saa na hata mahali ilipopigwa. Vyote hivyo hutiwa ndani ya kile tunachoweza kukiita kapu. Herufi tatu au nne zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, kama vile AVI, MOV, MP4, MKV au 3GP, ni jina la kapu tu. Hazisemi kilichomo ndani.

Makapu haya yametoka kwa mafundi mbalimbali. MOV lilikuja na programu ya QuickTime ya kampuni ya Apple mwaka 1991. Microsoft ikajibu kwa AVI mwaka 1992. MP4, ambalo leo ndilo linalotumika zaidi, lilisukwa kwa kufuata mfano wa MOV, na ndiyo maana mawili hayo yanashabihiana sana kwa ndani. 3GP lilibuniwa kwa ajili ya simu za kizazi cha tatu, zilizokuwa na nafasi ndogo na vioo vidogo. MKV likaanza mwaka 2002 kama kazi ya watu wa kujitolea.

Tukija kwenye kilichomo, hapo ndipo penye kazi kubwa. Video ni mfululizo wa picha za mnato zinazopita haraka, kwa kawaida 25 au 30 kwa kila sekunde. Picha moja ya kiwango cha juu yenye vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu ina vitone zaidi ya milioni mbili, na kila kitone huhitaji baiti tatu kueleza rangi yake. Ukizidisha, picha moja ni takriban MB 6.2, na sekunde moja ya picha 25 ni takriban MB 155. Saa moja ya harusi ingehitaji karibu GB 560, kabla hata ya kuongeza sauti. Simu nyingi haziwezi kubeba mzigo huo.

Kwa hiyo video hubanwa. Kanuni za kihesabu zinazofanya kazi ya kubana wakati wa kurekodi na kukunjua wakati wa kutazama huitwa kodeki.

Ujanja wake mkubwa ni kutorudia kilichokwisha kusemwa. Mfikirie msomaji wa taarifa ya habari aliyeketi mezani. Pazia nyuma yake halisogei, meza haisogei, koti lake halibadiliki. Kinachobadilika ni midomo, macho na pengine mkono. Kodeki huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa picha zinazofuata huandika mabadiliko tu: kipande hiki kimesogea kidogo kushoto, kile kimekuwa na giza zaidi, vilivyobaki viko kama vilivyokuwa. Baada ya muda huweka tena picha kamili na kuanza upya.

Hii ndiyo sababu hotuba ya saa moja inaweza kuwa na faili ndogo kuliko dakika chache za ngoma, mvua kubwa au mashabiki wanaoruka uwanjani wakipeperusha bendera. Pale ambapo kila kitu kinasogea, hakuna cha kutorudia. Ndiyo sababu pia picha inapobanwa kupita kiasi, vinavyoharibika kwanza ni maji, majani na moshi, ambavyo hugeuka kuwa vigae vya mraba vinavyochezacheza.

Wasomaji wa Tanzania wana mfano mzuri wa jambo hili. Mitambo ya luninga ya analojia ilipoanza kuzimwa, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu walijifunza kwamba antena peke yake haitoshi. Mawimbi yanafika nyumbani, lakini bila king'amuzi kinachoijua lugha yake luninga haioneshi chochote. Kodeki ni king'amuzi cha faili. Luninga inaweza kulijua kapu la MP4 tangu zamani, na bado isiielewe lugha iliyotumika kubana picha zilizomo.

Lugha hizo zina vizazi. VCD zilizoanza mwaka 1993 zilitumia MPEG-1, na DVD zikatumia MPEG-2. Mwaka 2003 ikapitishwa H.264, ambayo mpaka leo ndiyo inayoeleweka na vifaa vingi zaidi kuliko nyingine yoyote. Ikafuata HEVC, au H.265, mwaka 2013, iliyokusudiwa kutoa ubora uleule kwa takriban nusu ya ukubwa. Google nayo ilitoa VP9 mwaka huohuo wa 2013, kisha muungano wa makampuni ukatoa AV1 mwaka 2018. Kila kizazi hubana zaidi ya kilichotangulia, na kila kizazi hudai nguvu zaidi ya kompyuta katika kukunjua.

Sasa swali la mwanzo linajibika. Simu za iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC mwaka 2017, na simu nyingi za Android zinaweza kufanya hivyo pia. Kwa mujibu wa makadirio ya Apple yenyewe, dakika moja ya video ya kiwango cha 1080 huchukua takriban MB 60 kwa HEVC, na takriban MB 130 kwa H.264. Mwenye simu anafurahia nafasi aliyookoa. Luninga iliyonunuliwa kabla ya hapo, au kompyuta ya ofisi isiyo na kodeki hiyo, ndiyo inayobaki imeduwaa. Kodeki hii pia ina haki za ubunifu zinazolipiwa, na baadhi ya watengenezaji huiacha ili kupunguza gharama.

Itokeapo mtu akabadilisha jina la faili tu, akafuta MOV na kuandika MP4, huwa amebandika karatasi yenye neno "mchele" juu ya gunia la maharage. Mara mojamoja hufaulu, kwa sababu ya undugu wa makapu hayo mawili. Mara nyingi hapati kitu.

Kuhamisha si kusimba upya

Neno "kugeuza" linaficha kazi mbili ambazo hazifanani hata kidogo, na tovuti nyingi hazimwambii mteja ni ipi anayofanyiwa.

Kazi ya kwanza ni kuhamisha vilivyomo kutoka kapu moja kwenda jingine bila kuvigusa. Faili ya MKV ambayo ndani yake kuna picha za H.264 inaweza kuhamishiwa kwenye MP4 kwa sekunde chache, hata iwe filamu ya saa mbili. Hakuna kinachopotea, kwa kuwa hakuna kilichokunjuliwa.

Ya pili ni kukunjua kila picha na kuibana upya kwa kodeki nyingine. Hapo mashine inafanya kazi kubwa, na hapo ndipo ubora unapopotea. Kodeki hizi hubana kwa kutupa yale ambayo jicho la binadamu haliyaoni kwa urahisi, na kilichotupwa hakirudi. Kuibana upya ni kutupa kwa mara ya pili. Aliyewahi kutoa fotokopi ya fotokopi ya cheti anajua matokeo yake: herufi bado zinasomeka, lakini muhuri umeanza kuwa doa jeusi.

Kosa linaloonekana sana ni kudhani kwamba kugeuza kunaweza kuongeza ubora. Wanaokumbuka filamu za Kibongo zilizouzwa kwenye VCD miaka ya 2000 wanakumbuka pia kununua sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Biashara ilichangia, lakini VCD yenyewe ilibeba dakika 74 hadi 80 tu. Picha yake ilikuwa na vitone 352 kwa 288, yaani takriban laki moja. Picha ya 1080 ina vitone mara ishirini ya hivyo. Tovuti inayoahidi kuigeuza VCD kuwa ya kiwango cha juu inavitandaza vitone vilevile juu ya shuka kubwa zaidi. Zipo programu mpya zinazotumia akili mnemba kubuni maelezo yaliyokosekana, na nyingine hupendeza macho, lakini sura zinazotokea ni za kubuni. Kwa filamu ya maigizo hilo si neno. Kwa sura ya marehemu bibi, kila familia iamue yenyewe.

Safari ya faili

Tovuti ya kugeuza video, ukiiondolea mapambo, ni kompyuta ya mtu mwingine. Faili yako husafirishwa hadi kwenye seva, mara nyingi nje ya nchi. Huko hupitishwa kwenye programu ya kugeuza, kisha matokeo huwekwa mahali pa kupakuliwa. Zamzar ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2006, ni miongoni mwa zilizotangulia. Wakati huo mteja alitumiwa kwa barua pepe anwani ya kupakulia faili yake ikiwa tayari. Kwa upande wetu wa dunia huduma hiyo ilikuwa karibu ya kusimuliwa tu. Nyaya za baharini za intaneti zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na kabla ya hapo tulitegemea satelaiti.

Programu inayofanya kazi hiyo ndani ya seva mara nyingi ni FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000 na kuendelezwa na wataalamu wengi wa kujitolea. Inapatikana bure, kihalali, kwa mtu yeyote. Ina maana kwamba kazi ambayo mtu huisafirisha kwenda nje ya nchi ingeweza kufanywa na programu hiyohiyo juu ya meza yake.

Tufanye hesabu, kwa sababu kifurushi cha intaneti hununuliwa kwa fedha. Faili ya GB 1 ni megabiti 8,000. Kama mtandao wako unapandisha megabiti 2 kwa sekunde, utahitaji sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja, kuifikisha tu kwenye seva. Kasi ya kupandisha kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kushusha, ingawa matangazo ya makampuni ya simu hupenda kuitaja ile ya pili. Baada ya hapo kuna foleni, kuna kugeuza kwenyewe, kisha kuna kushusha. Mtandao ukikatika katikati, tovuti nyingi huanza upya. Kompyuta ya kawaida ya nyumbani ingekuwa imeshamaliza kazi na kupoa.

Gharama ya fedha si kubwa kuliko zote. Swali zito zaidi ni nini kilichomo katika video hiyo. Watu hutuma video za watoto wao wakiogelea, za mgonjwa akionesha kidonda kwa daktari aliye mbali, za kikao cha familia kuhusu mirathi, za mkutano wa ndani wa kampuni. Tovuti huahidi kwamba faili zitafutwa baada ya saa kadhaa. Zilizo makini hufanya hivyo. Aliyetuma, hata hivyo, hana njia ya kuhakikisha.

Kwa mtu binafsi huo ni uamuzi wake. Kwa mwalimu, mhudumu wa zahanati, karani wa mahakama au ofisa wa kampuni, jambo lina sura nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na sura na sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Mfanyakazi anayetuma video ya wateja kwenye tovuti ya bure ili "ikae vizuri kwenye projekta" anaweza kuwa amevunja sheria bila kujua kwamba ameisafirisha taarifa popote. Lawama hii isimwangukie yeye peke yake. Ofisi isiyomwekea mfanyakazi programu ya kufanyia kazi imemwelekeza huko kwa mkono wake.

Onyo la FBI

Mwezi Machi 2025 ofisi ya Denver ya shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu tovuti na programu za bure za kugeuza faili. Kwa mujibu wa tahadhari hiyo, wahalifu hutengeneza huduma ambazo zinafanya kweli kazi zinayoitangaza. Faili inageuzwa na inarudi. Lakini pamoja nayo huja programu hasidi inayompa mhalifu mlango wa kuingia katika kompyuta, au faili zilizotumwa huchambuliwa ili kunasa taarifa za siri kama nywila na za benki.

Ubaya wa mtego huu ni kwamba mwathirika anaondoka ameridhika. Alitaka MP4, amepata MP4, na haoni sababu ya kuhisi chochote.

Zipo dalili zinazoonekana mapema. Uliyeomba video ukaletewa faili inayoishia na EXE, au APK kwenye simu, umeletewa programu, na hakuna sababu njema ya jambo hilo. Kwenye Windows herufi hizo za mwisho hufichwa usipobadili mpangilio, kwa hiyo faili iliyoandikwa "harusi.mp4" inaweza kuwa "harusi.mp4.exe". Kibonyezo kikubwa cha kijani chenye mshale wa kupakua, hasa kikiwa zaidi ya kimoja katika ukurasa mmoja, mara nyingi ni tangazo. Tovuti inayoomba ruhusa ya kukutumia taarifa kwenye kioo cha simu kabla ya kugeuza chochote inataka kitu kingine kwako. Na inayosema kwamba lazima kwanza usakinishe "kisaidizi" chake ni ya kuiacha papo hapo.

Iko aina ya pili ya tovuti ambayo haifahamiki sana na inastahili kufahamika. Vivinjari vya kisasa vina uwezo wa kuendesha programu nzito ndani yake vyenyewe, kwa teknolojia iitwayo WebAssembly. Tovuti ya aina hii hukuletea programu ya kugeuza, nayo hufanya kazi ndani ya kompyuta yako. Video haiendi popote. Kuihakikisha ni rahisi: fungua ukurasa, subiri upakiwe wote, kisha zima intaneti kabla ya kuchagua faili. Ikigeuza, inafanya kazi kwako. Ikilalamika kwamba hakuna mtandao, ilikuwa inangoja kuisafirisha. Upungufu wake ni kwamba hufanya kazi polepole na huelemewa na faili kubwa, lakini kwa kipande cha dakika mbili inatosha kabisa.

Mtu akitaka kuliepuka suala lote, atumie HandBrake au VLC. Zote ni za bure na za siku nyingi, nazo zipakuliwe kutoka kwenye tovuti za wenyewe, si kwingineko. VLC, ambayo watu wengi wanayo kwa ajili ya kutazamia tu, ina sehemu ya kugeuza ambayo wengi hawajawahi kuifungua. Kabla hata ya kugeuza, jaribu kuicheza faili iliyokataa kwa VLC. Programu hiyo hubeba kodeki zake yenyewe, na mara nyingi tatizo huishia hapo.

Kinachopotea bila kuonekana

Kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi, na pengine ndiyo nzito kuliko ukungu wa picha. Tulisema kwamba ndani ya kapu mna taarifa za tarehe, saa na mahali. Faili inapogeuzwa, taarifa hizo mara nyingi hufutwa au hubadilishwa. Tarehe ya kupigwa inageuka kuwa tarehe ya kugeuzwa.

Kwa video ya sikukuu hilo ni usumbufu mdogo. Kwa video ya ajali ya barabarani, ya mgogoro wa mpaka wa shamba au ya mtu akipigwa, ni jambo linaloweza kuamua kesi. Nchini Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinakubali ushahidi wa kielektroniki. Katika kuupima uzito wake, huangaliwa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama ukamilifu wake umelindwa. Wakili wa upande wa pili ataanza na swali jepesi: faili ya awali iko wapi? Shahidi aliyeigeuza ili itoshe kwenye simu ya jirani, kisha akafuta ya kwanza kuokoa nafasi, atakuwa na kazi ngumu ya kujibu.

Ieleweke pia kwamba kutuma kwa WhatsApp ni kugeuza. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana upya ili iwe nyepesi, hata kama hujaona tovuti yoyote. Ikitumwa kama hati, yaani kwa sehemu ile ya kuambatisha nyaraka, inafika kama ilivyo. Tangu mwaka 2022 njia hiyo hubeba hadi GB 2, kutoka MB 100 za awali. Mwenye video yenye uzito wa kisheria aihifadhi ya awali katika simu iliyoipiga, akae na nakala nyingine mahali pengine, na akigeuza, ageuze nakala.

Suala la hakimiliki tulipitie kwa ufupi. Kugeuza video yako mwenyewe hakuna tatizo. Tovuti zinazonyofoa muziki kutoka YouTube na kuugeuza kuwa MP3 ni habari nyingine. Mojawapo iliyokuwa na umaarufu mkubwa, YouTube-mp3.org ya Ujerumani, ilifungwa mwaka 2017 baada ya kushitakiwa na makampuni ya muziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zinawalinda wasanii wa hapa vilevile.

Kwa aliyeamua kugeuza

Mipangilio huwatisha watu, na haina sababu. Kwa video itakayotazamwa kwenye vifaa mchanganyiko, chagua kapu la MP4, picha za H.264 na sauti ya AAC. Usibadili idadi ya picha kwa sekunde, kwani mwendo utaanza kurukaruka. Ukubwa wa picha uache kama ulivyo au uupunguze, usiuongeze kamwe. Kama chanzo ni HEVC, usishangae faili mpya ikiwa kubwa kuliko ya awali, maana umeitoa kwenye lugha inayobana zaidi ukaipeleka kwenye inayobana kidogo. Jaribu kwanza kipande cha sekunde ishirini, kichomeke kwenye kifaa chenyewe, kisha ndipo uache kompyuta ifanye kazi ya saa mbili. Wenye iPhone wanaosumbuliwa na jambo hili kila siku wanaweza kuingia kwenye mpangilio wa kamera na kuchagua muundo unaokubalika na vifaa vingi. Video zitachukua nafasi zaidi, ila hazitahitaji kugeuzwa.

Video za 3GP za simu za zamani na FLV zilizopakuliwa enzi za Flash, teknolojia ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020, bado zinafunguka kwa VLC. Hakuna haraka ya kuzigeuza. Zenye haraka ni zile zilizo kwenye kanda za VHS na kwenye santuri. Kanda hupoteza sumaku, na mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika. Santuri za VCD na DVD zilizochomwa studio za mitaani huanza kukataa kusomwa zikiwa bado zinang'aa.

Mwenye harusi yake kwenye VCD aiingize katika kompyuta yenye kisomeo cha santuri na afungue folda iitwayo MPEGAV. Ndani yake atakuta faili zinazoanza na AVSEQ na kuishia na DAT. Hizo ndizo video. Azinakili kwanza kama zilivyo, hata kama kompyuta itasitasita na kuchukua nusu saa kwenye sehemu yenye mikwaruzo. Zikishatua salama kwenye diski, azigeuze ziwe MP4 kwa ukubwa uleule wa picha, na zile za DAT asizifute.